Mashine Ilipokufa, Ulimwita Nani?

Nestori alipata habari ya barua siku ya Jumatano, akiwa amelala chali chini ya toroli la mchuuzi wa maji, akinyoosha mhimili uliopinda. Mwalimu Zabroni alisimama juani akaisoma kwa sauti, kwa kuwa mikono ya Nestori ilikuwa na grisi, na kwa kuwa mwalimu alipenda kusoma kwa sauti. Shirika moja la Bujumbura linalosaidia wabunifu wa vijijini lilikuwa limesikia juu ya mashine ya kugongea kokwa za mise, zile za michikichi. Lilikuwa tayari kuwapa wanakikundi mtambo wa kuchomelea vyuma unaotumia umeme wa jua, wautumie kwa pamoja. Lakini lilitaka jina moja: kiongozi mmoja mwenye kitambulisho, atakayetia saini na kujibu kila litakaloulizwa. Jina hilo lifike kabla ya mwisho wa mwezi.

"Jina moja," Nestori alirudia kutoka chini ya toroli.

"Moja tu. Tutakutana Jumamosi, watu wakimaliza kazi za pamoja za komine."

Nestori akaendelea kupiga nyundo. Moyoni jina alikuwa nalo. Mashine aliitengeneza yeye. Kikundi kilizaliwa katika karakana yake, hapa Gatete, chini ya mabati yake. Kwa miaka minne hakuna aliyewahi kumwita kiongozi, kwa sababu hakukuwa na haja ya neno hilo. Sasa haja imekuja, na yeye alilitaka neno hilo kuliko alivyotaka mtambo wenyewe.

Alikuwa na sababu zake. Alizaliwa Katumba, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, wakati mama yake alipokuwa bado anaamini kwamba watarudi Burundi msimu wa mahindi ukiisha. Walirudi baada ya miaka thelathini na mitano, mama hayupo. Nestori alivuka mpaka akiwa na mke, watoto watatu, na sanduku la vyuma alilolipata Mpanda mjini alikojifunza uchomeleaji. Alipofika Rumonge waliobaki nyumbani walimwita Mtanzania. Walikicheka Kiswahili chake wakisema anazungumza kama redio. Hakuna aliyemdharau waziwazi, lakini pia hakuna aliyemwita kwenye mambo ya mtaa. Aliitwa geti likivunjika. Geti likipona, alisahauliwa.

Mashine ndiyo iliyobadilisha hayo.

Pwani hii, kuanzia Magara hadi chini ya Rumonge, watu huishi kwa ziwa na kwa michikichi. Mawese yakishakamuliwa hubaki kokwa ngumu, na ndani ya kokwa mna punje ya mise ambayo mafuta yake hutengenezea sabuni. Wanawake hukaa chini na mawe mawili, moja la kuweka na moja la kupigia, wakigonga kokwa mojamoja tangu asubuhi. Joanita, mke wa Nestori, ambaye majirani walimwita Mama Leonsi, alipopoteza ukucha wa pili katika msimu mmoja, Nestori alichukua rimu ya lori lililokufa, akaweka ndani yake gurudumu dogo lenye mapanga, akatia mdomo wa kumwagia kokwa na mkono wa kuzungusha. Kokwa zilirushwa kwenye kuta za rimu zikapasuka. Beseni zima liliisha kabla sufuria ya maharage haijachemka.

Majirani walikuja kutazama, kisha wakaomba watengenezewe, kisha wakaomba wafundishwe. Mwalimu Zabroni, anayefundisha fizikia, ndiye aliyesema kwamba mashine ya namna hii haifai kufichwa. Aliandika kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa karakana: CHUKUA. BADILISHA. RUDI USEME. Hiyo ikawa sheria yote ya kikundi. Yeyote aliweza kuiga mashine bure, aibadilishe anavyotaka, mradi arudi awaambie wengine alichobadilisha na kilichotokea. Walikutana Jumamosi, na siku nyingine walizungumza katika kundi la simu. Hakuna aliyelipwa. Walianza watu saba. Barua ilipokuja walikuwa zaidi ya sitini, kuanzia Kabezi hadi ng'ambo ya ziwa.

Kiini cha kazi kilikuwa kalibu, vielelezo vitano vya bati vinavyowekwa juu ya chuma ili fundi achore na kukata bila kupima upya. Nestori hakuzikopesha. Aliyetaka kuchora alikuja Gatete na chuma chake, akachora Nestori akimtazama, kisha akaenda kukata na kutoboa kwake.

Mariyamu alikuja katika mwaka wa pili. Alikuwa mjane wa Rumonge mjini, akikaa karibu na msikiti, akigonga kokwa na kuwauzia watengeneza sabuni. Watu walimwita Mama Shafii kwa jina la mwanawe. Hakujua kuchomelea, na cheche zilimtisha. Alikuja na daftari la shule lenye karatasi za miraba.

"Fundi," aliuliza siku ile ya kwanza, "ikikwama tunafanya nini?"

"Haikwami."

"Najua. Na ikikwama?"

Watu walicheka. Nestori alimweleza: fungua parafujo hizi mbili, toa vipande, funga. Mariyamu akaandika, akasoma alichoandika, akauliza kama ndivyo. Ndivyo. Jumamosi iliyofuata alikuja na swali jingine. Nestori alimhesabu miongoni mwa watu wanaopenda kuuliza, akaacha hapo.

Kisha akaja Akonkwa, Mkongomani anayetengeneza baiskeli kwenye barabara ya Magara. Huyu alitoa mkono wa kuzungusha, akafunga tandiko, mnyororo na pedali, akaileta mashine yake Gatete imeketi juu ya miguu minne kama mbuzi.

"Hii si mashine yangu tena," Nestori alisema.

"Ni yako, fundi. Sasa iko na miguu tu."

Wakabishana mpaka jasho likawatoka, mmoja akisifu mkono na mwingine akisifu pedali. Mariyamu hakumuunga mkono yeyote. Alijaza mabeseni mawili sawasawa, akamwomba mama mmoja agonge la kwanza kwa mkono na, baada ya kupumzika, la pili kwa pedali. Akaketi na simu yake akitazama dakika. Pedali ilishinda kwa mbali. Siku ileile alituma ujumbe katika kundi: "Mwili wa mashine ni wa fundi Nestori. Miguu ni ya fundi Akonkwa. Anayetaka kujaribu, aje." Tangu hapo kila badiliko lilitangazwa na jina la mwenyewe, na watu wa mbali wakaanza kuleta mabadiliko yao kwa wingi, kila mmoja akitaka jina lake lisomwe.

Tatizo kubwa lilitokea Kabezi. Huko wanawake wanane, wakiongozwa na mama aitwaye Speciosa, walitengeneza mashine kwa kalibu za Gatete, wakaizungusha kwa shangwe, na mashine ikawasagia kila kitu. Ganda na mise vilitoka pamoja kama unga wa mahindi mabovu. Magara nao wakasema yao inafanya vilevile. Nestori alituma ujumbe wa sauti: "Mmekosea vipimo. Mkifuata kalibu, haiwezi kusaga." Kabezi wakapima tena na tena. Vipimo vilikuwa sahihi. Wiki ile watu kumi na mmoja walitoka katika kundi la simu bila kuaga.

Mariyamu alipanda gari akaenda Kabezi. Alikaa siku mbili. Aliporudi hakuandika lolote kwenye kundi, alikwenda moja kwa moja Gatete na mifuko miwili midogo.

"Fundi, lete sikio." Alishika kokwa moja karibu na sikio la Nestori akaitikisa. "Unasikia nini?"

"Inacheza ndani."

"Na hii?"

"Hii kimya."

"Za kimya nimezitoa Kabezi. Zilitoka kwenye prese ya mawese juzi. Hizi zinazocheza nimezitoa juu ya bati lako hapo, nimeomba ruhusa kwa Mama Leonsi."

Nestori alielewa kabla hajamaliza. Kokwa mbichi imeshikamana na ganda lake, na ukiipiga kwa nguvu unasaga vyote. Iliyokauka imejitenga, ganda likipasuka punje inatoka nzima. Yeye siku zote alichukua kokwa juu ya bati la nyumba, ambako mke wake alizianika wiki tatu. Hakuwahi kuwaambia watu hilo kwa sababu hakujua kwamba ni jambo la kuambiwa.

"Lakini hata mbichi huwa tunagonga," Joanita alisema kutoka jikoni. "Kwa jiwe unaipiga polepole, mkono unaisikia. Hiyo mashine yenu haisikii."

"Mbona hukusema?" Nestori aliuliza.

"Nani aliniuliza?"

Mariyamu alicheka, kisha akaandika. Ujumbe wake wa jioni ile Nestori aliusoma mara nne. "Mashine ya fundi Nestori haina kosa. Kosa ni kuilisha kokwa mbichi. Anika wiki tatu. Kabla ya kuweka, tikisa sikioni. Ikicheza, weka. Aliyetufundisha ni Mama Leonsi wa Gatete." Kumi kati ya wale kumi na mmoja walirudi kundini. Nestori alishukuru kwa moyo wote. Hata hivyo kitu kidogo kilimchoma, wala hakukaa kukitafuta ni kitu gani.

Baada ya hapo simu yake ilipungua kulia. Alijiambia kwamba mashine sasa ni nzuri, haziharibiki.

Basi Ijumaa ile, siku mbili baada ya barua, alipokuwa anapiga pasi shati lake mwenyewe, Joanita alimwangalia kwa muda.

"Baba Leonsi, na wakimtaja mtu mwingine?"

"Mtu gani?"

"Nauliza tu."

"Wakimtaja mwingine, nachukua kalibu zangu. Watafute za kwao."

Joanita alimnyang'anya pasi kwa sababu alikuwa anaunguza kola.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilizibua mtaro uliojaa matope ya mvua, na saa nne na nusu wanakikundi wakaja karakanani na majembe yao, wengine bado na udongo magotini. Walikuwa kama thelathini. Mafuta ya gari yalikuwa yameadimika tena, kwa hiyo wa mbali walikuwa wachache. Speciosa na mwenzake walitoka Kabezi kwenye lori la samaki, na walinuka hivyo, na walitaniwa kwa hilo mpaka walipopewa viti.

"Amahoro," alianza Mwalimu Zabroni.

"Amahoro!"

"Barua mmeisikia. Wanataka jina. Nani ana jina?"

"Kwani kuna la kuuliza?" Huyo alikuwa Anselmo, mkulima wa michikichi ambaye uwanja wake unapakana na wa Nestori. "Mashine ni ya nani? Fundi Nestori. Tumalize, tukaoge."

Watu walipiga makofi. Nestori alitazama viatu vyake, kama inavyompasa mtu anayesifiwa.

Speciosa akasimama. "Sisi Kabezi tunataja Mama Shafii."

Mariyamu aliinua uso kutoka kwenye daftari. "Nani? Mimi? Hapana, mama. Mimi cheche zenyewe nazikimbia."

"Hatukutaji kwa cheche."

"Iko fundi, iko karani," mtu mmoja alisema nyuma. "Karani hawezi kuwa mukubwa wa fundi."

"Karani nani? Weye ukisikia mashine yako inalia, unajua inaumwa wapi? Yeye anajua," mwenzake Speciosa alimrudishia.

Kelele zikapanda. Wengine walisema ipigwe kura. Speciosa alikataa: Gatete wako ishirini na zaidi, Kabezi wako wawili na harufu ya samaki, kura gani hiyo? Anselmo alimwambia wa Kabezi wangekuja wengi kama wangependa kikundi. Speciosa alimwambia aje yeye Kabezi kwa miguu halafu wazungumze mapenzi. Mwalimu aligonga jembe kwa jiwe mpaka wakanyamaza.

"Kura tutapiga kama itabidi," alisema. "Kwanza nina swali moja. Kila mtu ajibu la kwake, asijibu la jirani. Mara ya mwisho mashine yako ilipokufa, ulimwita nani? Tunaanza hapa. Anselmo."

Anselmo alikuna kidevu. "Yangu ilikuwa mnyororo. Nilimpigia... nilimpigia Mama Shafii. Akanielekeza kwa Akonkwa."

"Wewe unaishi nyuma ya nyumba ya fundi!" mtu mmoja alimpigia kelele.

"Ndiyo. Lakini fundi angenikemea."

Walicheka sana. Nestori naye alitabasamu, na tabasamu likabaki usoni pake bila kazi.

"Akonkwa?"

"Mimi ilipokufa nilimwita Mungu, hakupokea. Nikamwita Mama Shafii."

Mama mmoja wa Magara alisema kwamba aliwahi kumpigia fundi, na fundi akamwuliza ameifanya nini mpaka ikaharibika. Mama Shafii alimwuliza inalia vipi. Wawili tu walimtaja Nestori: shemeji yake na muuza vyuma chakavu. Mmoja alimtaja Mwalimu, naye Mwalimu akaomba radhi kwa ushauri aliompa. Waliobaki walitoa jina lilelile, wengine wakionekana kushangaa wanapojisikia wakilitamka, kana kwamba kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayempigia.

Zamu ikamfikia Nestori.

"Fundi mumuache," Anselmo alisema kwa upole. "Fundi haiti mutu. Fundi ndiye anaitwa."

"Kweli," wengine wakasema, na Mwalimu akageuza uso kuelekea kwa anayefuata.

Nestori angeweza kukaa kimya. Jumanne ya wiki iliyopita beringi ya mashine yake mwenyewe ilikuwa imevunjika, ya ukubwa ule haikupatikana Rumonge nzima, na alikuwa amesikia kwamba kuna watu wameweka nyingine badala yake, ila hakujua ni akina nani wala waliweka ipi. Alikwenda nyuma ya nyumba, mahali Joanita hawezi kusikia, akampigia Mariyamu. Alimjibu palepale: beringi ya kinu cha unga cha zamani, muulize Abdoulkarim wa Magara, mwambie nimekutuma. Hakuuliza kwa nini fundi mkuu hajui. Na sasa alikuwa ameinamia daftari lake, kalamu imesimama. Nestori alimtazama akajua kwamba hatasema. Asingesema leo wala siku nyingine.

"Mwalimu," alisema. "Mimi bado."

Watu wakageuka.

"Jumanne ile ya wiki iliyopita beringi yangu ilikufa. Nilimpigia yeye."

Alitaka kuongeza kwamba alikuwa na haraka, kwamba maduka yalikuwa yamefungwa. Maneno hayo alikuwa nayo tayari. Aliyaacha. Akaketi, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia asimame.

"Hata weye, fundi?" Anselmo aliuliza.

"Hata mimi."

Kura haikupigwa. Mwalimu aliandika jina la Mariyamu kwenye karatasi, kwa mwandiko wa ubaoni, akamwomba kitambulisho. Mariyamu hakuonekana mwenye furaha. Alifunga daftari, akaweka mikono juu yake.

"Nitatia saini, kwa sababu mmenishika," alisema. "Lakini nina sharti moja, na ni la fundi Nestori."

"Sema."

"Kalibu zitoke nyumbani kwako. Seti moja ikae Kabezi, moja Magara, moja hapa. Mtu akitaka kukata, akate, asingoje uwepo wako. Wewe ukiugua, fundi, sisi sote tumeugua."

Hilo lilimgonga kuliko jina. Jina hakuwahi kuwa nalo, lakini kalibu alikuwa nazo.

"Nitafikiri," alisema.

"Hadi lini?"

"Hadi Jumamosi."

"Murakoze, fundi," Mariyamu alishukuru, bila kumsukuma zaidi.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Joanita alimpa maji ya kunawa, akampa ugali na samaki wa mukeke, akangoja amalize. Ndipo Nestori alipoziteremsha kalibu tano akazitandaza juu ya meza.

"Unazifunga au unazitoa?"

"Sijui, Mama Leonsi."

Alikaa nazo. Alizijua kila mkunjo. Akamkumbuka fundi aliyemfundisha Mpanda, mtu hodari mno, ambaye kila alipokuwa anarekebisha moto wa kuchomelea aliwageuzia wanafunzi mgongo wasione. Nestori alijifunza kipimo kile kwa kuvizia kivuli cha mkono wa yule mtu ukutani, na ilimchukua mwaka mmoja na jicho lililovimba mara tatu. Fundi yule alipofariki, karakana yake ilifungwa wiki ileile. Hapakuwa na mtu aliyejua kuiendesha. Sanduku la vyuma ambalo Nestori alivuka nalo mpaka lilitoka katika mnada wa vitu vyake.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa muuza vyuma chakavu akachagua mabati. Alikata siku nne. Joanita alishika ncha ya pili ya bati lilipokuwa refu, na hakumwuliza tena.

Jumamosi iliyofuata Speciosa alirudi, safari hii na wenzake wanne. Nestori alimpa seti ya Kabezi, imefungwa kwa kamba, akamwambia aianze kazi hapohapo ili aone kama anaijua. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mwingine ameshika kalibu zilizo zake mwenyewe. Speciosa alipoweka ya kwanza upande usiofaa, mkono wa Nestori ulinyooka. Aliurudisha mfukoni. Speciosa akaona kosa, akaigeuza, akaendelea.

Alipofika kwenye bamba la ubavu alisimamisha chaki.

"Fundi, hili tundu la pembeni ni la nini?"

"Tundu gani?"

"Hili. Sisi kwetu tunaliziba na kitambaa, maana vipande vya maganda vinatokea hapo vinatupiga miguu. Lakini hatukuthubutu kuliondoa."

"Ni la kutolea joto," Akonkwa alisema.

"Joto la nini?" Anselmo alimkatiza. "Ni la mafuta. Mimi natia mafuta hapo kila wiki."

Mariyamu alikuwa anapekua daftari. "Mimi niliandika ni la hewa," alisema taratibu. "Tangu mwaka wa pili. Sikuuliza. Kila mashine niliyoiona inalo."

"Yangu haina," Nestori alisema.

Wote wakamtazama. Ilikuwa kweli. Mashine yake aliitengeneza kwanza, na kalibu alizikata baadaye kwa kuifuata. Tundu lile alikuwa ameliona kwenye mashine za watu, akadhani wameliongeza wenyewe makwao, akangoja warudi waseme. Alichukua kalibu mkononi mwa Speciosa, akaiinua mbele ya mwanga. Hata hii mpya alikuwa ameitoboa, kwa mazoea.

"Ni la msumari," alisema.

"Msumari upi?"

"Wa ukutani. Nikimaliza kazi, natundika kalibu hii kwa tundu hilo."

Akonkwa alishika tandiko la mashine kwa mikono miwili akaanza kucheka kama mtu anayekohoa, wanawake wa Kabezi wakafuata, na Anselmo alisikika juu ya wote akipiga kelele: "Miaka miwili! Mafuta yangu yote!" Nestori alikuwa wa mwisho kucheka, na alipoanza ilimbidi aketi juu ya ndoo.

Mariyamu alifungua ukurasa mpya. Alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akashika kalamu.

"Nani aligundua?"

"Speciosa wa Kabezi," Nestori alisema. "Andika jina lake. Na uandike tulizibe."

Kisha akachukua kipande cha bati na koleo, akaenda kuanza na mashine ya Anselmo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa sababu hiyo ingehitaji kusafishwa kwanza.